Mkonge kwa masikio, kwa macho na kwa vidole: simu ya mwalimu katika darasa la watoto wenye mahitaji tofauti

Darasa langu la Nne lina watoto 74. Watano kati yao wametoka kitengo cha elimu maalumu cha shule yetu hapa Tanga mjini. Mmoja haoni kabisa. Mmoja ana ualbino, naye huona kitu kikiwa karibu na pua. Mmoja ni kiziwi tangu kuzaliwa. Mmoja ana usonji (autism). Wa tano ni binti mchangamfu, ukimsimulia jambo leo kesho atakurudishia lote, lakini mfungulie kitabu uone herufi zinavyomkimbia: “baba” anaisoma “dada”, na akimaliza mstari wa pili anatua wa tano.

Vifaa nilivyo navyo ni simu yangu, kishikwambi nilichogawiwa, kimojawapo cha vile vilivyofanya kazi ya Sensa ya 2022 kisha vikaletwa kwa walimu, na spika ndogo ya Bluetooth niliyonunua madukani Ngamiani kwa fedha yangu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, kwa hiyo yote ninayoeleza hapa yanafanywa kwa simu ya mwalimu. Hata asiye na kishikwambi ataweza sehemu kubwa.

Naanza na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha. Wiki ya kwanza niliipenda mno sauti. Nilirekodi somo, nikaliweka kwenye spika, darasa likatulia tuli. Mpaka kengele ilipolia ndipo nikamwona kijana kiziwi: dakika 40 zote ameitazama ile spika, akisubiri kitu kitoke. Siku ya pili nikaleta video ya picha tupu isiyo na maneno. Yeye akafurahi, wenzake wakacheka, na binti asiyeona akanivuta gauni: “Mwalimu, wanacheka nini?” Chombo kilichomfungulia mmoja kilimfungia mwenziwe. Tangu hapo siingii darasani na njia moja. Kila somo linakuwa na kitu cha kusikia, kitu cha kuona na kitu cha kushika.

Mtazame mtoto kabla hujagusa simu

Chukua wiki nzima. Nina daftari dogo, ukurasa mmoja kwa kila mtoto, na humo naandika anachofanya, siandiki ugonjwa. “Akikaa dirishani anafumba macho.” “Nimemwita kwa nyuma mara tano, ameitika mbili.” “Kwa mdomo anajibu yote, daftari tupu.” Jina la ugonjwa atalitaja daktari. Mtoto ambaye macho au masikio yake yananitia shaka namwandikia mzazi barua ampeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Niliwahi kupokea mtoto aliyeitwa mzito wa akili kwa miaka miwili, kumbe masikio yake yalijaa usaha. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Baada ya wiki hiyo jiulize mambo mawili: somo linamwingia kwa njia gani, na jibu linamtoka kwa njia gani? Wengi tunalifikiria la kwanza tu. Yule binti ambaye herufi zinamkimbia, somo linamwingia kwa masikio, na jibu linamtoka kwa mdomo. Nikimsomea vizuri halafu nikamdai jibu la kuandika, nimemfungulia mlango wa mbele nikamfungia wa uani. Kwa hiyo naye anarekodi majibu yake kwenye simu yangu, dakika mbili wakati wa mapumziko, nami nasahihisha kwa kusikiliza.

Kurekodi sauti

Sauti yako mwenyewe ndiyo kifaa cha bei nafuu kuliko vyote. Simu karibu zote zina kinasa sauti, na sauti haimalizi bando wala nafasi kama video.

Narekodi usiku baada ya saa nne, bodaboda zikishapungua. Nafunga dirisha, natundika blanketi mlangoni ili sauti isirudi, naweka simu juu ya kitabu, shibiri moja kutoka mdomoni. Feni nazima. Joto la Tanga tunalijua, utatoka jasho, lakini feni ikiwaka inavuma ndani ya rekodi kama upepo wa kusi.

Rekodi moja isizidi dakika tatu. Taja kwanza somo na ukurasa, kisha soma kama unayemsomea mtoto mmoja aliye pembeni yako. Ukifika kwenye picha ya kitabu usiiruke, ieleze: “Kushoto kuna mwanamume amebeba tita la majani begani.” Hilo nimefundishwa na binti asiyeona, aliyenisimamisha katikati ya kusoma akauliza, “Picha inasemaje?” Ukiuliza swali, kaa kimya pumzi nne ndipo uendelee. Kwa yule ambaye herufi zinamkimbia naongeza jambo moja dogo: kila nikimaliza mstari nagonga meza kwa kidole, ili ajue ni wakati wa kushuka. Yeye anashika kipande cha manila chini ya mstari anaoufuata, anakishusha kila akisikia kugongwa. Miezi miwili baadaye alianza kukishusha kabla sijagonga.

Faili lipe jina linalosomeka, mfano “L4 mkonge 1”, yaani la Nne, mkonge, rekodi ya kwanza. Simu ikijipa jina lake la tarakimu, utalitafuta mbele ya watoto 74 na kipindi kitakwisha.

Simu kusoma yenyewe

Kwa asiyeona, simu nyingi za Android zina TalkBack, msomaji wa skrini. Ingia Mipangilio, tafuta Zana za ufikivu, iwashe. Kabla hujaiwasha jifunze kuizima, kwa sababu ikishawaka vidole vyako vya zamani havifanyi kazi. Kugusa mara moja ni kutajiwa kilichopo, kugusa mara mbili upesi ni kufungua. Kuteleza kidole kimoja kwenda kulia ni kuhamia kitu kinachofuata, na kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Ukikwama, katika simu nyingi unabana vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache na inazima, ila njia hiyo ya mkato lazima uwe umeiruhusu mwanzoni. Fanya mazoezi nyumbani umefumba macho. Mimi nilifanya hivyo jioni tatu, na ya tatu ndipo nilipoelewa kwa nini mtoto anahitaji utulivu anapoitumia.

Wengi wanakata tamaa hapa: simu inasoma Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza, na mtoto haelewi neno. Dawa yake ipo. Kwenye mipangilio ya kubadili maandishi kuwa sauti, chagua Kiswahili kisha pakua sauti yake. Ukishaipakua mara moja, inaweza kusoma bila intaneti. Shuleni kwenu mkiwa na kompyuta, hata iliyochakaa, wekeni NVDA. Ni programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, nayo husoma Kiswahili kwa sauti ya eSpeak. Sauti hiyo ni kavu, ya mashine, lakini watoto wanaizoea haraka kuliko sisi.

Angalizo moja. Kitabu kilichopigwa picha ni picha, hata kikiwa kimehifadhiwa kama kitabu cha kwenye mtandao. Jaribu kukandamiza neno moja kwa muda. Likibadilika rangi peke yake, hayo ni maandishi na simu huweza kuyasoma. Ukurasa mzima usipokubali, usipoteze usiku wako, rekodi kwa sauti yako.

Na simu isichukue nafasi ya nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Binti asiyeona anaandika kwa mashine ya Perkins ya kitengo, ile yenye vitufe sita na kitufe cha nafasi. Anayesikia maneno bila kuyagusa hajui yanavyoandikwa, na siku ya kuandika barua yake mwenyewe atakwama.

Macho yanayoona kwa karibu

Kijana mwenye ualbino namkalisha mbele, upande usiopigwa na jua, na kofia yake haivuliwi darasani hata akija mgeni. Macho yake yanachezacheza, na amegundua mwenyewe kwamba akiinamisha kichwa upande mmoja yanatulia. Usimwambie mtoto wa namna hiyo anyooshe shingo. Hapo ndipo anapoona.

Ninapomaliza kuandika ubaoni, napiga picha kwa kishikwambi nikiwa nimesimama katikati, nampa. Anaikuza kwa vidole viwili mpaka neno moja linajaza kioo. Tumejaribu pia kugeuza rangi, maandishi meupe kwenye weusi, naye anasema mwanga haumchomi. Wenzake waliobaki nyuma wakaanza kuomba kuitazama picha ileile, maana ubao wetu umefubaa. Nami nikafurahi, kwa sababu kifaa kilichokuwa chake peke yake kilikuwa kimeanza kumtenga.

Kwa karatasi, nenda steshenari uombe ukurasa wa A4 utolewe kopi kwenye A3. Mashine inakuza hadi asilimia 141, na eneo la ukurasa linakuwa mara mbili. Ukiandika mwenyewe kwenye kompyuta, anza na herufi za ukubwa wa 18, nene, zisizo na mikia, kisha muulize mtoto. Wangu alichagua 24.

Kwa asiyesikia, maandishi hayatoshi

Google wana programu ya kugeuza maneno yanayosemwa kuwa maandishi papo hapo, ipo tangu 2019 na Kiswahili kimo. Niliipakua kwa matumaini makubwa. Katika darasa la watoto 74 iliandika vipande vya kila aliyefungua mdomo. Nikisimama karibu, mmoja akisema kwa zamu, inaandika vizuri. Ni msaada mkubwa kwa mwenye usikivu hafifu anayejua kusoma. Lakini kijana wangu wa Darasa la Nne lugha yake ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Kiswahili cha kuandikwa kwake ni lugha ya pili, bado anajifunza. Kumwekea maandishi na kudhani amesikia ni kujidanganya.

Kinachofanya kazi ni video ya alama. Makorora kuna kijana fundi cherehani, ni kiziwi, alama ndiyo lugha yake tangu utoto. Jumamosi moja kila mwezi anakuja, namlipa muda wake na nauli, na tunarekodi masomo manne. Yeye ndiye aliyenipanga. Simu ilazwe kwa ubavu, isisimamishwe wima. Nyuma kuwe na ukuta mtupu. Mwanga utoke mbele, usitoke dirishani nyuma. Nguo iwe ya rangi moja isiyofanana na ngozi, hakuna kitenge cha maua, maana vidole vinapotelea ndani yake. Aonekane kuanzia juu ya kichwa hadi kiunoni, mikono isikatwe. Nilipojaribu mwenyewe alitikisa kichwa akaniandikia kwenye karatasi: “Uso wako hauulizi.” Nilikuwa nafanya alama za swali kwa mikono huku uso umelala, na katika alama nyusi nazo ni sehemu ya swali.

Hatoi alama ya kitu asichokiona. Kabla ya somo la mkonge alitaka kwanza kushika singa, zile nyuzi za mkonge, na kuona picha za kazi yenyewe, ndipo tukaanza.

Kwa mwenye usonji nitasema kwa ufupi, kwa sababu kwake simu hutumika kidogo tu. Kila asubuhi anapata ratiba ya picha sita kwenye kishikwambi: mstarini, darasani, uji, bomba la maji, darasani, nyumbani. Picha ni za shule yetu, bomba letu, kikombe chake. Nilipotumia michoro ya mtandaoni haikumwambia kitu. Kabla ya kubadili kazi naweka saa ya kuhesabu kushuka, dakika tano, aione inavyopungua. Spika iko mbali naye, na sauti haipandi ghafla.

Kipindi chenyewe

Mada ilikuwa mazao ya biashara, nikachagua mkonge, zao la nyumbani. Dakika tano za kwanza spika ilisema: mkonge uliletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche 1000 ilitolewa Florida, iliyofika hai ni 62. Wakati huohuo video ya alama ilikuwa ikienda kwenye kishikwambi kwa kijana kiziwi na wenzake wanne aliokaa nao. Hao wanne sasa wanajua alama nyingi kuliko mimi.

Namba hiyo ya 62 nilitaka waishike. Nyumbani nilikuwa nimehesabu kunde 62 nikazitia kikombeni, na 938 kwenye sufuria. Binti asiyeona alitumbukiza mkono kikombeni, kisha kwenye sufuria, akakaa kimya. Halafu akasema, “Hizi zote zilikufa?” Hakuna rekodi ambayo ingemfikisha hapo.

Kisha hatua za kazi, picha saba nilizopiga shambani kwa ruhusa: kukata majani, kufunga matita, kupitisha kwenye korona (mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani), kuosha, kuanika, kupiga brashi, kufunga marobota. Nilizichapisha, nikazikata, kila kundi likazipanga. Mwenye usonji alizipanga kwa haraka kuliko kundi lolote. Singa kavu zikapita mkononi mwa kila mtoto. Jani bichi usilete: ncha yake inachoma na maji yake yanawasha ngozi.

Mwishoni kila mmoja akatoa jibu kwa njia yake. Wengi waliandika. Mmoja alirekodi, mmoja aliandika nukta nundu, mmoja alitoa alama mbele ya kamera, mmoja alipanga picha, mmoja aliandika kwa herufi kubwa kwenye A3. Swali lilikuwa moja, na nilisahihisha kwa kipimo kimoja.

Vidogo vinavyoharibu kipindi

Weka simu katika hali ya ndegeni, usije ukapigiwa katikati ya rekodi au ujumbe wako wa familia ukajitokeza mbele ya darasa. Spika ya Bluetooth utaiwasha tena baada ya hapo, haidhuriki. Chaji kila kitu usiku, na pawabenki ikae kwenye pochi, umeme hauagi. Video ukiituma kwa WhatsApp ubora hupungua na vidole vinakuwa ukungu, bora kuihamisha kwa memori kadi. Picha na sauti za watoto omba ruhusa kwa mzazi, zisitoke nje ya kazi ya darasa, na majibu waliyorekodi yafute ukishayasahihisha. Mtoto mwenye ualbino hasa, picha yake usiiweke popote mtandaoni. Walimu tunajua kwa nini.

Kumbuka pia kwamba katika chumba cha mtihani simu haitakuwapo. Darasa la Nne lina upimaji wa kitaifa. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na mwenye uoni hafifu huandaliwa karatasi ya maandishi makubwa. Kuanzia likizo ya Juni napunguza vifaa polepole, nawazoesha muda huo wa nyongeza kwa saa, ili siku yenyewe wasiuone mgeni.

Na rekodi zifike nyumbani. Bibi wa yule binti ambaye herufi zinamkimbia alikuja shuleni Ijumaa moja, ana wasiwasi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu aniambia asoma kwa simu. Huko si kumharibu?”

Nilimkalisha, nikamwekea rekodi ya mkonge. Akasikiliza mpaka mwisho, kanga ameishika mdomoni. Akaniambia anayo redio ndogo ya memori kadi, ya kusikilizia mawaidha. Nikamjazia kadi masomo ya mwezi mzima, na nafasi ikabaki tele.

Jumatatu akarudi. Hakuja kulalamika.

“Mwalimu, rekodi yako nzuri, lakini kwenye brashi umepita mbio. Mie nimepiga brashi shambani miaka kumi na mmoja. Vumbi lake hulijui wewe.”

Nikafunga mlango wa ofisi, nikaweka simu juu ya kitabu, shibiri moja kutoka mdomoni mwake. “L4 mkonge 2” ni sauti yake, dakika saba kamili, nami sikuikata hata kidogo.